Kilo 70 Juu ya Ubao wa Milimita 3: Kulijua Gitaa Kabla ya Kulibadilisha

Mfuko wa saruji una kilo 50. Uongezee karibu nusu ya mfuko wa pili na utapata mvuto ambao nyuzi sita za chuma huuweka juu ya gitaa la akustika mchana na usiku, hata likiwa limetundikwa ukutani na hakuna anayeligusa. Nyuzi za unene wa kawaida, zinazoanzia inchi 0.012 kwa uzi mwembamba kabisa hadi 0.053 kwa ule mnene, zikishatyuniwa huvuta kwa jumla kilo 70 na ushee. Ubao unaobeba mzigo huo, yaani uso wa gitaa ambao daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi, limegundishwa juu yake, una unene wa milimita 3 hivi, na mara nyingi haufiki hapo.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu karibu kila swali la mpenzi wa magitaa lina jibu lake humo. Kwa nini gitaa hili lina sauti nene na lile linalia kama debe? Kwa nini lililokuwa laini mwaka jana leo linaumiza vidole? Kwa nini kazi moja ya shingo yaweza kugharimu kuliko gitaa lenyewe? Mjenzi anautaka ubao uwe mwepesi ili utikisike, na anautaka uwe imara ili usikunjwe na nyuzi. Mambo hayo mawili hayapatani. Kila gitaa ni suluhu ya ugomvi huo, nzuri au mbaya, na suluhu yenyewe haidumu milele.

Kuna mkanganyiko mwingine unaowagharimu watu fedha nyingi, nao ni kudhani kwamba sauti ya gitaa na wepesi wake mkononi ni kitu kimoja. Ni vitu viwili, vinavyotoka sehemu mbili tofauti. Sauti kwa sehemu kubwa ilishaamuliwa siku gitaa lilipojengwa. Wepesi mkononi unaamuliwa na vipimo vidogo ambavyo fundi anaweza kuvibadilisha kwa alasiri moja. Wengi huuza gitaa zuri kwa sababu ya nusu milimita, kisha wananunua jingine lenye nusu milimita ileile.

Sauti inakotoka

Uzi peke yake hausikiki. Ukiukaza kati ya misumari miwili kwenye ukuta wa zege na kuupiga, utasikia mlio wa mbu, maana uzi ni mwembamba mno kusukuma hewa. Kazi yake ni kulitikisa daraja. Daraja huutikisa uso, na uso wenye upana wa karibu sentimita 40 kwenye tumbo la gitaa ndio unaosukuma hewa ya kutosha kujaza chumba. Hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku nayo ina noti yake. Unaweza kuitafuta mwenyewe: sogeza mdomo karibu na tundu, vumisha sauti kuanzia chini kabisa ukipanda polepole, na mahali fulani sanduku zima litaanza kuitika hadi ulisikie kifuani. Kwa gitaa kubwa mahali hapo huwa karibu na hezi 100.

Ugumu wa ubao hufuata kipeo cha tatu cha unene wake. Punguza unene kwa asilimia 10 tu, na ugumu unashuka kwa zaidi ya robo. Hapa ndipo magitaa yanayofanana kwa macho yanapoachana. Kiwanda kinachotoa maelfu hakitaki yarudishwe yakiwa yamevimba tumbo, kwa hiyo kinaacha ubao mnene kidogo na mihimili ya ndani minene kidogo, ili hata kipande kidhaifu cha mbao kistahimili. Fundi anayejenga moja moja hugonga ubao, huusikiliza, huupinda kwa vidole, na hupunguza pale tu panaporuhusu. Kinacholipiwa kwenye gitaa ghali, au kinachopaswa kulipiwa, ni uamuzi huo. Urembo wa chaza kuzunguka tundu hausikiki.

Mihimili yenyewe ina historia. Christian Frederick Martin, seremala wa magitaa kutoka Saxony aliyehamia Marekani mwaka 1833, alianza katika miaka ya 1840 kupanga mihimili kwa umbo la X chini ya uso. Enzi hizo nyuzi zilikuwa za utumbo wa wanyama, laini na zenye mvuto mdogo, kwa hiyo X haikuwa ya lazima. Nyuzi za chuma ziliposhika soko mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo ilipoonekana kwamba mpangilio ule, kana kwamba ulikuwa ukizisubiri, unaweza kuubeba mzigo mpya. Leo karibu kila gitaa la nyuzi za chuma linautumia. Huko Hispania, fundi wa magitaa Antonio de Torres alishika njia nyingine: mihimili myembamba iliyotawanyika kama upepeo, inayotosha nyuzi laini peke yake. Ndiyo njia ya magitaa ya klasiki hadi leo, na ndiyo sababu hupaswi kamwe kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nyuzi za nailoni. Nyuzi za nailoni huvuta karibu kilo 40. Ukilibandika kilo 70, kitakachotangulia ni uso kuvimba, kisha daraja kung'oka, au shingo kupinda bila njia ya kuinyoosha, kwa kuwa magitaa mengi ya klasiki hayana nondo ndani ya shingo.

Torres huyohuyo alituachia jaribio ambalo bado linawasumbua wauzaji. Mwaka 1862 alijenga gitaa ambalo mgongo na mbavu zake vilikuwa vya karatasi iliyofinyangwa kwa gundi, na uso wa mbao nzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti inatoka usoni. Mwaka 2018 hoja hiyo ilipata nguvu mpya: watafiti, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Lancaster nchini Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio la magitaa sita ya nyuzi za chuma yaliyojengwa na fundi mmoja, Roger Bucknall, yakiwa sawa kwa kila kitu isipokuwa mbao ya mgongo na mbavu. Ilikuwepo rozwudi ya Brazil, mbao ya kifahari kuliko zote, na zilikuwepo mbao za bei ya chini zaidi. Wapigaji 52 waliyapiga kwenye mwanga hafifu, wamevaa miwani ya kuchomelea vyuma ili wasitambue rangi. Alama walizoyapa zilikaribiana mno, na walipojaribiwa kama wangeweza kuyatofautisha kwa sikio, walishindwa kwa kiasi kikubwa.

Hilo halimaanishi kwamba mbao ya mgongo ni kitu bure. Magitaa ya dukani hayajengwi sawa kama yale sita, na rozwudi mara nyingi huja pamoja na uso bora na kazi safi zaidi, kwa hiyo tofauti tunayoisikia ipo. Kosa letu ni kuitundika sifa kwenye kigingi kisichokuwa chake. Na rozwudi ina gharama nyingine isiyo ya fedha. Ile ya Brazil iko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, tangu 1992, na kulivusha mpaka gitaa lenye mbao hiyo ni safari ya vibali. Mwaka 2017 jamii nzima ya Dalbergia iliwekewa masharti, kisha mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zikaondolewa humo, isipokuwa zile za rozwudi ya Brazil.

(Jambo la pembeni kwa wapenzi wa maneno. Mpingo, ule wa vinyago, ni ndugu wa damu wa rozwudi: wote ni Dalbergia. Mbao nyeusi ya ubao wa vidole ambayo wafasiri huipa jina la mpingo kwa kawaida ni jamii nyingine kabisa, Diospyros, na nyingi yake hutoka Kameruni.)

Kwa mnunuzi, tofauti ya mbao iliyo kubwa kuliko zote ni kati ya uso wa ubao mmoja halisi na uso wa plaiwudi. Plaiwudi ina tabaka zilizopishana na gundi katikati. Ni ngumu kwa pande zote na hutikisika kwa uvivu. Chungulia kwenye ukingo wa tundu. Kama mistari ya mbao inayoonekana juu inaendelea kushuka kwenye unene wa ubao, ni mbao halisi. Ukiona tabaka kama za mkate wa mafuta, au ukingo umepakwa rangi nzito kuficha, jibu umelipata. Kutoka plaiwudi tupu kwenda uso halisi ni hatua kubwa. Kutoka uso halisi wenye mgongo wa plaiwudi kwenda mbao halisi pande zote ni hatua ndogo zaidi, na ina bei yake ya matunzo, kwa sababu plaiwudi haijali sana hali ya hewa. Wapo mafundi wakubwa wa magitaa ya klasiki wanaogundisha mbavu za tabaka kwa makusudi, wakitaka ukuta usiotikisika ili nguvu yote ibaki usoni.

Uso wa sprusi, mti wa jamii ya misonobari, ndio wa kawaida: mgumu, mwepesi, unastahimili kupigwa kwa nguvu. Mwerezi ni laini zaidi na huitika haraka kwa vidole vyepesi, lakini ukiupiga kwa nguvu hufika mahali unachoka, sauti haiongezeki tena. Mahogani usoni hutoa sauti kavu, isiyo na mwangwi mwingi, nzuri kwa anayeimba juu yake.

Umbo la sanduku lina uzito kuliko aina ya mbao, ingawa halisifiwi sana. Lile kubwa lenye mabega mapana na kiuno kisichobana huitwa dredinoti, kwa jina la manowari ya Kiingereza HMS Dreadnought ya 1906. Lilitengenezwa kwanza na kampuni ya Martin mwaka 1916 kwa niaba ya duka la Oliver Ditson, likaja kubeba jina la Martin lenyewe mwaka 1931. Lina besi nyingi na linafaa kwa kupiga kodi, yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja, nyuma ya mwimbaji. Masanduku madogo yenye kiuno chembamba yana besi kidogo, ila kila noti husikika imesimama peke yake, jambo ambalo mpigaji wa vidole analihitaji kuliko ukubwa wa sauti. Mtu mwenye mabega madogo akikumbatia dredinoti kwa saa moja bega la kulia litamwambia ukweli ambao muuzaji hakumwambia.

Sasa mkono

Kodi ya F, siyo ya mapato, imewaondoa watu kwenye gitaa kuliko umaskini. Kidole kimoja kinalazwa juu ya nyuzi zote kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), na mwanafunzi anaambiwa aongeze mazoezi. Mara nyingi kosa si lake. Kule kichwani nyuzi zinapita juu ya kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita. Kiwandani mifereji hiyo huachwa juu kidogo kwa usalama, kwa sababu ikikatwa chini mno nyuzi hugonga freti na kipande chote lazima kibadilishwe. Ikiwa juu, uzi kwenye freti ya kwanza huhitaji nguvu nyingi zaidi, na ukiubonyeza unavutika hadi noti inapanda kuliko inavyotakiwa. Kupima ni rahisi: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, uangalie nafasi kati ya uzi na freti ya kwanza. Inapaswa kuwa kama unene wa unywele. Kama unaona mwanga wa kutosha kupitisha kadi, umepata sababu ya F yako kukataa.

Kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 ndicho kipimo cha pili. Milimita 2.4 hivi kwa uzi mnene na chini kidogo ya milimita 2 kwa uzi mwembamba ni mahali pazuri pa kuanzia. Anayepiga kwa nguvu ataongeza kidogo, wa vidole atapunguza. Kimo hiki kinarekebishwa kwenye mfupa wa darajani, kile kipande chembamba ambacho nyuzi hupita juu yake, kwa kuusugua sehemu ya chini, na hapa kuna hesabu ambayo wengi huikosea: kwa kuwa freti ya 12 iko katikati ya uzi, kushusha kimo kwa nusu milimita pale kunataka uondoe milimita nzima darajani. Ondoa kidogo kidogo. Mfupa uliosuguliwa haurudi.

Kabla ya kugusa chochote kati ya hivyo, angalia shingo. Ndani yake kuna nondo ya chuma inayopingana na mvuto wa nyuzi. Thaddeus McHugh wa kampuni ya Gibson alipewa hataza ya nondo inayorekebishika mwaka 1923, na kabla ya hapo shingo nyingi zilitegemea unene wake. Shingo haipaswi kunyooka kabisa. Inataka bonde dogo sana ili nyuzi zipate nafasi ya kutikisika. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine kwenye freti ya 14. Uzi sasa ni rula yako. Juu ya freti ya saba ionekane nafasi ya robo milimita hivi. Ikiwa kubwa mno, nondo hukazwa kwa kugeuza ufunguo upande wa saa, robo ya mzunguko au chini ya hapo, kisha unasubiri mbao itulie. Ikikataa kugeuka, acha, peleka kwa fundi. Na nondo haikuwekwa kwa ajili ya kushusha nyuzi. Wanaoitumia hivyo huishia na shingo iliyonyooka kupita kiasi na nyuzi zinazopiga kelele kwenye freti za mwanzo.

Upana wa shingo kichwani huonekana kama suala dogo: milimita 43 au 44.5 kwa magitaa ya chuma, 52 kwa ya klasiki. Milimita moja na nusu mkono unaijua mara moja. Vidole vinene au upigaji wa vidole hupendelea pana. Kidole gumba kinachopenda kuzunguka juu ya shingo hupendelea nyembamba. Urefu wa uzi nao: wa milimita 632 una mvuto mdogo kuliko wa 645 kwa nyuzi zilezile, na anayepinda nyuzi atashukuru.

Unapolichunguza lililokwisha tumika

Gitaa lililotumika ni ununuzi mzuri kuliko jipya la bei ileile, kwa sharti moja: uzipigie nyuzi zake hesabu ile ya kilo 70. Miaka inapopita mzigo huo hulikunja sanduku taratibu pale shingo inapoungana na mwili. Nyuzi hupanda, mwenye gitaa husugua mfupa wa darajani kuzishusha, zinapanda tena, anasugua tena, hadi mfupa unabaki kijisehemu kisichotokeza juu ya daraja. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokiangalia ni mfupa huo. Ukitokeza milimita 3 au zaidi na nyuzi ziko chini, gitaa lina miaka mbele yake. Ukiwa umekwisha na nyuzi bado ziko juu, kinachohitajika ni kuitoa shingo na kuipa pembe mpya. Kwenye shingo zilizogundishwa hiyo ni kazi ya mvuke na subira, na kwenye gitaa la bei ndogo haina maana. Kampuni ya magitaa ya Taylor ilianza mwaka 1999 kuziwekea shingo zake za boliti vipande vyembamba vya kurekebishia pembe, na kwenye magitaa ya namna hiyo kazi ni ya muda mfupi.

Kipimo cha haraka: laza rula ndefu juu ya freti kuelekea darajani. Ncha yake ipite juu tu ya daraja la mbao au iliguse kidogo kwa juu. Ikigonga katikati ya ukuta wa daraja, shingo imeshainuka.

Jaribu pia kupenyeza karatasi nyembamba nyuma ya daraja. Ikiingia, gundi imeanza kuachia. Uvimbe mdogo wa uso nyuma ya daraja ni wa kawaida, hata una afya. Bonde refu mbele yake kuelekea tunduni halina afya. Gonga uso na mgongo kwa kidole ukisikiliza mlio wa kuchakacha, ambao ni muhimili ulioachia. Piga kila uzi kwenye kila freti, yote, hata kama muuzaji anatazama saa. Ufa uliozibwa vizuri haunitishi. Unanisaidia kuomba bei ipunguzwe.

Na sauti? Kulinganisha magitaa mawili yenye nyuzi za umri tofauti ni kulinganisha nyuzi. Zaidi ya hapo, mpigaji husikia gitaa kwa ubavuni, na tundu halimtazami yeye. Mpe mtu mwingine apige, wewe ukae mbele, umegeuza uso. Tahadhari kwamba lenye sauti kubwa kidogo daima huonekana bora, hata kama ubora wenyewe ni ukubwa tu.

Maji yasiyoonekana

Ukishalinunua, adui wako ni hewa. Mbao hunyonya na kutoa maji kulingana na unyevu ulioizunguka, na inapofanya hivyo hupanuka na kusinyaa kwa upana, karibu bila kubadilika kwa urefu. Tuseme unyevu wa hewa unashuka kutoka asilimia 50 hadi 25, jambo la kawaida penye baridi kavu yenye kupasha joto ndani, au penye kiyoyozi kinachofanya kazi usiku kucha. Uso wa sprusi wa sentimita 40 ungetaka kusinyaa kwa zaidi ya milimita 2. Lakini kingo zake zimegundishwa kwenye mbavu na haziwezi kusogea. Kitakachotokea ni uso kubonyea, kisha kupasuka kwa kufuata mistari yake.

Dalili huja mapema kwa anayeziangalia. Ncha za freti huanza kukwaruza kiganja kwenye kingo za shingo: chuma hakikusinyaa, mbao imesinyaa. Nyuzi hushuka zenyewe na kuanza kuvuma. Upande wa pili, unyevu ukizidi, tumbo huvimba, nyuzi hupanda, na sauti hufifia kama iliyofunikwa blanketi. Wengi hapo hulilaumu gitaa. Kinachotakiwa ni kati ya asilimia 45 na 55, na kipimaunyevu kidogo ndani ya kasha kitakuambia zaidi kuliko mjuzi yeyote. Kasha lililofungwa ni nusu ya dawa. Kifuko cha kurudisha na kufyonza unyevu ni nusu nyingine. Magitaa huvumilia mabadiliko ya polepole vizuri kuliko ya ghafla.

Joto ni habari fupi: usiliache garini juani. Gundi hulainika, na kilo 70 hazijalainika.

Kuboresha, na kujidanganya

Sasa ile hamu ambayo kila mpenzi wa magitaa anaijua, ya kubadilisha kitu, chochote, ili gitaa liwe jipya tena. Mimi niliwahi kununua masikio mapya yote sita, vile vigingi vya kutyunia vilivyo kichwani, kwa sababu uzi wa tatu ulikuwa haukai kwenye sauti. Niliyafunga kwa uangalifu, uzi ukaendelea kukimbia. Tatizo lilikuwa mfereji wa mfupa wa kichwani: uzi ulinasa humo, ukajitoa kwa kishindo kidogo kila nilipoanza kupiga. Risasi ya penseli iliyosuguliwa mferejini ilimaliza kesi. Masikio yale mazuri bado yapo, na yanageuka kwa ulaini, lakini sauti ya gitaa ni ileile ya siku lilipotoka kiwandani.

Kinachobadilisha sauti kwa urahisi kuliko vyote ni nyuzi. Zile zilizoandikwa 80/20, zinazouzwa kwa jina la bronzi, ni asilimia 80 shaba na 20 zinki, yaani kwa haki ni shaba njano. Huanza zikiwa na mng'ao mkali, kisha huzima upesi. Bronzi yenye fosforasi, iliyoletwa sokoni na kampuni ya D'Addario mwaka 1974, ina bati badala ya zinki, joto zaidi na umri mrefu zaidi. Kupunguza unene wa nyuzi hupunguza mvuto, hulegeza mkono, na hupunguza pia nguvu inayofika usoni. Gitaa lenye ubao mnene likivishwa nyuzi nyembamba huwa kimya. Gitaa jepesi huweza kufunguka zaidi kwa nyuzi hizohizo, kwa kuwa uso umepunguziwa mzigo. Ni jaribio la bei ndogo kabisa na linarudishika. Na ukibadilisha unene, tarajia kurekebisha nondo, kwa maana mizani ya shingo imebadilika.

Mfupa halisi darajani badala ya plastiki laini una faida, ingawa sehemu kubwa ya faida hiyo hutokana na mfupa mpya kukatwa vizuri na kukaa sawasawa chini ya mfereji wake. Plastiki iliyokaa vyema hushinda mfupa uliopinda. Pini za darajani za shaba, za mfupa, za pembe: tofauti ndogo mno kuliko uchakavu wa nyuzi wa wiki moja. Zinunue kwa kuwa zinapendeza.

Pikapu ni jambo jingine kabisa, kwa sababu haiboreshi gitaa; inaligeuza kuwa ishara ya umeme. Piezo, kihisi kinachogeuza mgandamizo kuwa umeme, ikikaa chini ya mfupa haivumi kirahisi jukwaani (ule mlio wa sauti ya spika kurudi kwenye pikapu), lakini ina ule ukali wa plastiki unapopiga kwa nguvu. Vipande vinavyobandikwa ndani chini ya daraja husikika karibu zaidi na mbao, na huvuma mapema. Pikapu ya sumaku inayokaa tunduni haitoboi chochote na hutoka siku ukiichoka. Anayerekodi nyumbani hahitaji hata moja. Maikrofoni iliyoelekezwa karibu na freti ya 12, umbali wa sentimita 30 hivi, itamtosha.

Yote hayo yakishafanyika, yaani shingo, mifereji, kimo, nyuzi mpya, unyevu sahihi, na bado kuna kitu unakisikia kwenye magitaa mengine ambacho lako halina, hapo umefika kwenye ubao wenyewe na mihimili yake, na hilo halinunuliwi kama kipuri. Ni gitaa jingine. Nenda nalo lako la zamani dukani, likiwa na nyuzi mpya za aina na unene sawa na zile utakazozikuta kule. Keti umeyapa mgongo, mtu mwingine ayapige kwa zamu bila kukuambia lipi ni lipi, na uandike alama kabla ya kugeuka. Rudia siku nyingine. Ikiwa karatasi zote mbili zimelipa alama ya juu lile ulilokuja nalo, lirudishe kwenye kasha lake, ukiangalia kipimaunyevu kinasema nini.